Bingwa Asiyekuwa na Hati: Kisa cha Newark Eagles, 1946 hadi 1948

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu klabu ya besiboli ya Wamarekani weusi iliyotwaa ubingwa wa juu kabisa wa mchezo wake mwezi Septemba 1946, kisha ikauzwa kwa bei ya kutupa baada ya msimu wa 1948. Kimeandikwa kwa ajili ya wasomaji wanaosimamia vilabu, vyama au biashara ndogo ambazo mali yake kubwa si mashine wala majengo bali ni watu wenye vipaji. Kwa kuwa ni kisa cha historia, klabu na wahusika wachache ambao habari zao zimo katika kumbukumbu za umma wametajwa kwa majina. Wengine wote, wakiwamo mawakili, watumishi wa ofisi na wachezaji wa akiba, wameachwa bila majina, na maelezo ambayo yangeweza kuwatambulisha yameondolewa.

Mtu akiulizwa ni nini kilichoiua klabu hiyo, jibu lililozoeleka ni kwamba mchezaji mweusi Jackie Robinson alifungua mlango wa ligi kuu, iliyokuwa ya wazungu tu, na mashabiki wakamfuata. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini linaeleza kuondoka kwa mashabiki tu. Halielezi ni kwa nini klabu iliyolea wachezaji watatu waliokuja kutikisa ligi kuu iliambulia, kwa wote watatu kwa jumla, dola 20,000.

Usuli

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, wamiliki wa vilabu vya ligi kuu za besiboli za Marekani waliwafungia nje wachezaji weusi kwa makubaliano ambayo hayakuandikwa katika kanuni yoyote, na kwa sababu hiyo hayakuwa na kifungu ambacho mtu angeweza kukipinga. Weusi wakajijengea mchezo wao. Mwezi Februari 1920, katika jiji la Kansas City, Rube Foster aliwakusanya wamiliki wenzake na kuunda Negro National League. Ligi hiyo ilikufa mwaka 1931 wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, jina lake likafufuliwa mwaka 1933, na mwaka 1937 ikapata mwenzake, Negro American League, iliyokuwa na nguvu zaidi katika miji ya kati na ya kusini.

Newark Eagles ilizaliwa katika ligi hiyo ya pili yenye jina la zamani. Abe Manley, ambaye mtaji wake ulitokana na mchezo wa kamari ya namba uliokuwa umeenea katika mitaa ya weusi ingawa sheria iliukataza, alianzisha klabu mjini Brooklyn mwaka 1935, na mwaka uliofuata akaiunganisha na klabu nyingine ya Newark katika jimbo la New Jersey. Yeye alipenda uwanja na wachezaji. Mkewe, Effa Manley, ndiye aliyeshika kalamu: mikataba, ratiba, mishahara, safari, matangazo na barua zisizokwisha kwa wamiliki wenzake. Alikuwa pia mtu wa harakati. Mwaka 1934 alishiriki katika kampeni ya Harlem, mtaa wa weusi jijini New York, ya kuyasusia maduka yaliyouza bidhaa kwa weusi lakini yakakataa kuwaajiri, na baadaye akawa mweka hazina wa tawi la Newark la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa sababu litamfunga mikono huko mbele.

Klabu ilicheza katika Ruppert Stadium kama mpangaji. Uwanja huo ulikuwa mali ya New York Yankees, klabu ya ligi kuu, ambao timu yao ya daraja la chini, Newark Bears, ndiyo iliyokuwa mwenyeji. Eagles walipata tarehe pale tu ambapo Bears walikuwa safarini, nao walilipa kodi. Ripoti ya ndani iliyoandaliwa kwa ajili ya wamiliki wa ligi kuu mwezi Agosti 1946 ilisema wazi kwamba Yankees walikuwa wakipata karibu dola 100,000 kwa mwaka kutokana na kodi na mauzo ya viwanjani wakati wa mechi za timu za weusi katika New York, Newark, Kansas City na Norfolk. Mwenye nyumba, kwa hiyo, alifaidika na ubaguzi huo huo uliomlazimisha mpangaji kupanga kwake.

Jambo la mwisho katika usuli ndilo zito kuliko yote. Katika ligi kuu, mkataba wa mchezaji ulikuwa na kifungu kilichoipa klabu haki ya kumshikilia msimu baada ya msimu, na vilabu vyote viliheshimiana, kiasi kwamba hakuna aliyemgusa mchezaji wa mwenzake bila kulipa. Msomaji wa habari za kandanda ataielewa hali hiyo kwa kuilinganisha na ada ya uhamisho. Katika ligi za weusi mikataba ilikuwapo, lakini mingi ilikuwa ya msimu mmoja, mingine ilikuwa ahadi ya mdomo na telegramu, na mchezaji aliyepata dau nono zaidi Mexico au katika visiwa vya Karibi aliondoka katikati ya msimu, akarudi mwakani akapokewa. Hapakuwa na kamishna huru wa kuamua migogoro. Rais wa ligi alikuwa mara nyingi ni mmiliki mmoja miongoni mwa wamiliki, yaani hakimu aliyekuwa na timu yake katika kesi. Effa Manley alilipigia kelele jambo hilo kwa miaka mingi, lakini wenzake hawakumsikiliza.

Onyo la Oktoba 1945

Tarehe 23 Oktoba 1945 ilitangazwa kwamba Brooklyn Dodgers, chini ya Branch Rickey, walikuwa wamemsajili Jackie Robinson kutoka Kansas City Monarchs ili aanzie Montreal, timu yao ya daraja la chini. Monarchs hawakulipwa hata senti. Hoja ya Rickey ilikuwa kwamba ligi za weusi hazikuwa ligi za kweli na kwamba hazikuwa na mikataba inayostahili kuheshimiwa. Wamiliki wa Monarchs, J. L. Wilkinson na Tom Baird, ambao wote wawili walikuwa wazungu, walianza kwa kulalamika, kisha wakarudi nyuma na kutamka kwamba hawatamzuia kijana huyo kupata nafasi yake.

Mwezi huo huo, katika mechi za maonyesho zilizochezwa mjini Brooklyn kati ya nyota weusi na kikosi cha wachezaji wa ligi kuu, mrushaji wa Newark mwenye umri wa miaka 19, Don Newcombe, alionekana na watafuta vipaji wa Dodgers. Ilipofika majira ya kuchipua ya 1946 alikuwa amekwisha kupangiwa timu ya Nashua katika jimbo la New Hampshire. Newark nao hawakulipwa chochote.

Msimu wa 1946

Msimu ulianza kama hadithi. Tarehe 5 Mei 1946, Leon Day, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka jeshini baada ya kutumikia Ufaransa wakati wa uvamizi wa Normandy, alirusha mechi nzima ya ufunguzi dhidi ya Philadelphia Stars bila mpinzani hata mmoja kufika kituoni kwa pigo halali. Eagles walishinda 2 kwa 0. Larry Doby na Monte Irvin walikuwa nao wamerudi kutoka vitani, na meneja Biz Mackey, aliyekuwa mdakaji hodari katika ujana wake, aliwapanga katikati ya uwanja karibu karibu, mmoja katika kituo cha pili na mwingine katika nafasi iliyo kati ya kituo cha pili na cha tatu. Msimu wa ligi uligawanywa katika nusu mbili na washindi wa nusu hizo ndio waliopambana kuwania ubingwa. Newark walishinda nusu zote mbili, hivyo hapakuwa na haja ya pambano.

Mshindani wao katika fainali kuu, ambayo weusi waliiita kwa jina lile lile la fainali za ligi kuu, alikuwa Kansas City Monarchs, klabu iliyomtoa Robinson na iliyokuwa bado na mrushaji mashuhuri kuliko wote, Satchel Paige. Mechi saba zilichezwa katika miji minne. Ya kwanza ilifanyika New York tarehe 17 Septemba na Monarchs wakashinda 2 kwa 1. Kabla ya mechi ya pili, mjini Newark, bingwa wa ndondi Joe Louis alirusha mpira wa ufunguzi, na Eagles wakashinda 7 kwa 4. Kule Kansas City walipokea kipigo cha 15 kwa 5 na kukirudisha kwa 8 kwa 1. Mechi ya tano ilichezwa Chicago, na Monarchs wakaondoka na ushindi wa 5 kwa 1 uliowaacha wakihitaji mechi moja tu. Eagles walirudi nyumbani, wakashinda ya sita 9 kwa 7, na tarehe 29 Septemba wakaimaliza kazi kwa 3 kwa 2, mrushaji akiwa Rufus Lewis. Paige hakuonekana uwanjani siku hiyo ya mwisho.

Tukumbuke ilipochezwa fainali hiyo. Viwanja vya Newark na Kansas City vyote viwili vilikuwa vya Yankees. Kilele cha mchezo wa weusi wa Marekani mwaka huo kilipandwa, kwa sehemu kubwa, ndani ya nyumba za klabu ambayo isingempa mchezaji mweusi sare yake hadi mwaka 1955.

Katika vitabu vya hesabu mwaka ulikuwa mzuri pia. Mashabiki wapatao 120,000 waliingia kutazama mechi za Eagles katika msimu huo, na kwa klabu iliyokuwa imezoea kula hasara, ambayo Abe Manley aliifidia kutoka mfukoni mwake, hiyo ilikuwa neema. Mtu aliyeitazama klabu mwezi Oktoba 1946 angesema imefika.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kutokwenda mahakamani kuhusu Newcombe. Effa Manley alilalamika kwa maandishi na hadharani, lakini hakufungua kesi. Sababu moja ilikuwa ya kisheria, nayo ni kwamba karatasi alizokuwa nazo zilikuwa dhaifu. Sababu ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Magazeti ya weusi, ambayo kwa miaka kumi yalikuwa yakipigania kufunguliwa kwa ligi kuu, yasingeweza kumsamehe mmiliki mweusi ambaye angeonekana amesimama mlangoni kumzuia kijana mweusi asiingie. Mwanamke aliyewahi kushika bango mbele ya duka la Harlem akidai weusi wapewe kazi angewezaje kwenda kwa hakimu kudai mweusi mmoja asipewe kazi? Madai yake yangekuwa ya fidia tu, si ya kuzuia, lakini umma uliojaa matumaini hautofautishi mambo hayo mawili kirahisi.

Uamuzi wa pili ulifanywa na wamiliki kwa pamoja, na ulichelewa. Walimwendea kamishna wa ligi kuu, Happy Chandler, naye akawaambia wasafishe kwanza nyumba yao. Waliandika upya mkataba wa mchezaji ili ufanane na ule wa ligi kuu, na mwaka 1947 Negro National League ilimpata rais asiyekuwa mmiliki wa timu, kasisi mmoja wa New York. Ombi lao la kutambuliwa kama ligi ndogo ndani ya mfumo rasmi lilikataliwa. Marekebisho yale yale ambayo mwaka 1936 yangeonekana kuwa utawala bora yalionekana mwaka 1947 kuwa ni kufunga zizi baada ya ng'ombe kutoka.

Uamuzi wa tatu ndio ulioacha alama. Mwanzoni mwa Julai 1947, Bill Veeck, mmiliki wa klabu ya ligi kuu ya Cleveland, alipiga simu kutaka kumchukua Larry Doby na, tofauti na Rickey, alisema tangu mwanzo kwamba atalipa. Alitaja dola 10,000. Effa Manley alimjibu kwamba kwa mchezaji mzungu wa kiwango hicho angelipa mara nyingi zaidi, lakini alijua pia kwamba hakuwa na nguvu ya kukataa. Walikubaliana dola 10,000 papo hapo na dola 5,000 nyingine iwapo Doby angebakizwa baada ya siku 30. Tarehe 4 Julai Doby aliichezea Newark mechi yake ya mwisho, na tarehe 5 Julai alisimama na gongo mkononi katika uwanja wa Comiskey Park, Chicago, akiwa mweusi wa kwanza wa American League, mojawapo ya ligi kuu mbili, katika zama hizo. Hakupitishwa katika ligi ndogo hata siku moja.

Kwa nini alikubali bei aliyoijua kuwa ya chini? Kwa maoni yangu alikuwa akinunua kitu kingine. Malipo ya Doby yalikuwa ungamo la kwanza la klabu ya American League kwamba klabu ya weusi ina haki juu ya mchezaji wake, na ungamo hilo lilihitajika kuliko dola zenyewe. Mwezi uliofuata Rickey mwenyewe alilipa dola 15,000 kwa Memphis Red Sox alipomchukua mrushaji Dan Bankhead. Bei ya Newark ilikuwa imegeuka kuwa bei ya soko.

Matokeo

Mashabiki waliondoka haraka. Robinson alianza kuichezea Brooklyn tarehe 15 Aprili 1947, na Brooklyn haiko mbali na Newark. Familia iliyokuwa na nauli na tiketi ya Jumapili moja ilikuwa na uamuzi mwepesi wa kufanya. Idadi ya walioingia kutazama Eagles ilishuka kutoka wale 120,000 hadi takriban 57,000 mwaka 1947, na mwaka 1948 ikawa kama 35,000. Kikosi nacho kilikuwa kimepungua: Newcombe hayupo, Doby hayupo, Leon Day amekwenda Mexico kufuata mshahara. Ubingwa wa 1947 ulikwenda kwa New York Cubans.

Baada ya msimu wa 1948 akina Manley walijitoa. Negro National League yenyewe ilivunjika mwaka huo huo. Klabu iliuzwa kwa daktari wa meno wa Memphis ikahamishiwa Houston, na bei yake, pamoja na wachezaji wote waliobaki, ilikuwa dola 15,000, sawasawa na bei ya Doby peke yake miezi kumi na minane kabla.

Uchambuzi

Ni rahisi mno kuwalaumu wamiliki kwa uzembe wa karatasi, na wapo waandishi walioishia hapo. Karatasi zilikuwa mbovu kweli. Lakini tuulize: kama Newcombe angekuwa na mkataba wa miaka mitano uliopigwa muhuri, Rickey angelipa? Mkataba una nguvu ikiwa yupo mtu wa tatu anayeuheshimu, iwe mahakama, kamishna au ushirika wa wamiliki wenzako. Kamishna wa ligi kuu hakuwa wa kwao, wala ushirika wa wamiliki wa ligi kuu haukuwa wao. Mahakama ilikuwa wazi, lakini njia ya kwenda huko ilipita mbele ya umma uliokuwa ukishangilia. Udhaifu wa karatasi ulimpa Rickey kisingizio. Nguvu yenyewe ilitoka katika mtego wa kimaadili ambao wamiliki weusi hawakuweza kutoka ndani yake bila kuonekana wasaliti.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba kukaa kimya mwaka 1946 kulikuwa busara. Wilkinson na Baird, kwa kuwa walikuwa wazungu, walikuwa na sababu kubwa zaidi ya kuogopa kulalamika, kwa hiyo mfano wao haukupaswa kuwa kipimo cha wengine. Wamiliki weusi wangeweza kutoa tamko moja la pamoja mara tu habari ya Robinson ilipotoka: kwamba hawamzuii mchezaji yeyote, kwamba wanafurahi, na kwamba kila klabu itakayomchukua italipa kiasi kilichotajwa. Tamko kama hilo lingetenganisha fidia na kizuizi mbele ya macho ya umma kabla Newcombe hajaondoka. Halikutolewa kwa sababu ligi haikuwa na mtu wa kulitoa. Kila mmiliki alizungumza kwa ajili ya timu yake, na jambo hilo linaturudisha kwenye ukosefu wa kamishna huru, kasoro iliyokuwa ikijulikana miaka kumi kabla haijagharimu kitu.

Uuzaji wa Doby unafundisha zaidi ya ushindi wowote wa uwanjani. Kama biashara ya klabu moja ulikuwa hasara, kwa kuwa dola 15,000 hazikuweza kuziba pengo la mashabiki 60,000. Kama hatua kwa ajili ya vilabu vyote ulikuwa na thamani, kwa sababu uliweka desturi. Tatizo ni kwamba aliyelipia desturi hiyo ni Newark, na waliofaidika nayo ni wengine. Ligi yenye mfuko wa pamoja ingeweza kugawana gharama hiyo, lakini ligi hii ilikuwa bado inabishana kuhusu asilimia za mawakala waliopanga mechi katika viwanja vikubwa.

Kuhusu uwanja, sidhani kulikuwa na njia nyingine iliyokuwa wazi kwa akina Manley. Kujenga uwanja wa ukubwa ule kulihitaji mkopo ambao benki zisingempa mtu ambaye mtaji wake ulitoka katika kamari, tena mweusi. Lakini kodi ile iliathiri zaidi ya hesabu: klabu ilipofika mezani kudai haki yake haikuwa na ardhi, haikuwa na tarehe zake yenyewe, na haikuwa na hati. Ilichokuwa nacho kilikuwa kombe.

Kipande cha mwisho cha kisa kinaonyesha ni kiasi gani mambo yalikuwa yamebadilika. Dodgers walimsajili Monte Irvin baada ya Newark kujitoa, wakidhani mchezaji wa klabu iliyokwisha hana mwenyewe. Safari hii Effa Manley aliajiri wakili na kutishia kushtaki. Hakuwa tena na timu ya kupoteza wala mashabiki wa kuwaudhi, na tayari lilikuwapo tendo la Rickey mwenyewe, la kumlipia Bankhead, la kumwekea mbele. Rickey alimwachia Irvin. New York Giants wakamnunua kwa dola 5,000, ambazo sehemu yake ilimlipa wakili. Irvin, ambaye katika fainali ya 1946 alikuwa amepiga kwa wastani wa .462, yaani karibu mapigo halali 46 katika kila majaribio 100, aliingia ligi kuu mwezi Julai 1949 akiwa na umri wa miaka 30.